Jicho la Kolweli

Kamba ya mkonge bado iko pale. Imefungwa kwenye vigingi vinne nyuma ya nyumba ya Bimdogo, mtaa wa Makorora, Tanga, imegeuka kijivu kwa jua na mvua, na upande mmoja umelegea hata kuku hupita juu yake bila kuruka. Hakuna aliyeifungua. Jumapili alasiri, saa ambayo uwanja ule ulikuwa ukijaa watu mpaka wengine wakakaa juu ya mapipa, sasa husikii ila mafuta ya Bimdogo yakichemka kwenye chuma cha vitumbua, na mara moja moja kikohozi cha Luka, fundi wa reli, ambaye huja na kigoda chake, akaketi, akaitazama kamba, kisha akaondoka. Bimdogo humwachia. Kikongwe huyu ulimi wake unajulikana hadi mtaa wa Mabawa, lakini kwa jambo hili amenyamaza.

Aliyekuwa akisimama ndani ya kamba ile aliitwa Zebedayo.

Ungemwona njiani usingemdhania. Alikuwa mtu mfupi, kifua chembamba, mwendo wa haraka wa mtu aliyezoea kuitwa. Alizaliwa milimani Usambara, katika nyumba ya Kilutheri ambamo sala ilitangulia chakula na fimbo ikafuata vyote viwili. Wamisionari walimfundisha Kiingereza, na Kiingereza kikamshusha mlimani: kwanza shamba la mkonge, akawa karani wa mizani, kisha bandarini Tanga, akiandika idadi ya marobota ya katani yanayopakiwa melini. Hakupata kupigana na mtu maishani mwake. Mkewe, Anjela, alikuwa akisema kwamba hata jogoo wa kuchinja mumewe humwomba radhi.

Lakini alipenda ngumi. Alizipenda kama wengine wapendavyo kaswida au ngoma, kwa mwili mzima.

Redio ilikuwa moja tu, ya Himyar, mwenye duka la vitambaa, na betri yake ilikuwa imechoka. Sauti ya London ilikuja na kurudi kama mtu anayezungumza huku akifunga na kufungua mlango. Ukitaka kusikia ilikubidi ubandike sikio kwenye kile kitambaa cha mbele, na kitambaa kile hakikutosha masikio mawili. Kwa hiyo mmoja alisikiliza kwa ajili ya wote, na mmoja huyo alikuwa Zebedayo, kwa sababu ndiye aliyejua lugha. Ngumi zilizopigwa huko usiku zilirudiwa hewani kesho yake mchana. Zebedayo angekaa dukani, sikio redioni, penseli mkononi, akiandika raundi baada ya raundi. Kisha angetoka mbio hadi Makorora, angevua viatu, angeingia ndani ya kamba, na kuwapiga watu wawili kwa wakati mmoja.

Maana alikuwa wote wawili. Alirusha konde upande huu, akaruka upande wa pili kulipokea. Alikuwa kengele, alikuwa refa, alikuwa mtu wa pembeni anayemwaga maji. Na palikuwa na sheria, ambayo hakuna anayekumbuka aliyeitunga: mtazamaji yeyote aliweza kuinua kidole na kuuliza, "Mkono gani?" Msimulizi lazima ajibu papo hapo, kulia au kushoto, umetua wapi, na mwingine ulikuwa wapi. Akikwama, ametoka ulingoni. Katika miaka minne Zebedayo aliulizwa mara zisizohesabika, na hakukwama hata mara moja.

Mwaka wa hamsini na sita zikaja habari kwamba Badu wa Gold Coast, Afrika Magharibi, angepigana na Kolweli, bingwa wa Uingereza, hukohuko London. Wiki sita mji haukuwa na mazungumzo mengine. Wapagazi wa bandarini walipokezana picha ya Badu iliyokatwa gazetini hadi pua yake ikafutika. Watu wa Tongoni walituma mtu kuuliza siku ni ipi, wajipange kuja kwa miguu. Himyar aliizima redio wiki nzima ili betri ipumzike, na mkewe, Harusi, akasema nyumba imekuwa kama ya matanga.

Luka peke yake ndiye aliyewacheka.

"Mimi nimefika Burma, vitani," alisema, kama alivyosema kila siku. "Nimewaona Wazungu wakipigana ngumi jeshini. Mweusi hampigi Mzungu mbele ya Wazungu. Hata akimpiga, hajampiga."

"Hebu tuondolee Burma yako," Bimdogo alimjibu. "Umekwenda na miguu miwili umerudi na miguu miwili, la ajabu nini?"

Jumapili ile Zebedayo alitoka dukani kwa Himyar akiwa amelowa jasho. Aliingia ndani ya kamba na kuanza taratibu, raundi ya kwanza, ya pili, Badu akipigwa, Badu akirudi nyuma, na watu wakaanza kuinamisha vichwa. Raundi ya sita Badu akaligusa jicho la kushoto la Kolweli. Raundi ya saba akalirudia, akalirudia tena, mpaka likavimba likafunga kabisa, na Kolweli akawa anageuza kichwa kama kuku ili aone. Raundi ya nane Zebedayo alikunja ngumi zote mbili. Kisha akajipiga, akaanguka chali mavumbini, na akiwa palepale chini akajihesabia mpaka kumi.

"Mkono gani?" ilikuwa sauti ya Luka.

"Kushoto mbavuni," alijibu bila kuinuka. "Mikono ya Kolweli ikashuka. Kisha kulia, kidevuni."

Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika msikitini. Bimdogo aligawa vitumbua bure, jambo ambalo halijatokea tena. Luka alingoja watulie.

"Karani," alisema, "safari hii umetuongopea."

"Himyar alikuwepo!" Zebedayo alijibu.

"Himyar, Kiingereza unakijua?"

Himyar alitikisa kichwa. "Mimi nilimwona akiruka tu. Nilidhani amekanyaga siafu."

"Basi," Luka akasema. Siku nne baadaye gazeti lilipofika na Zebedayo akalisoma kwa sauti, Luka alicheka zaidi. "Redio umeisikia weye. Gazeti unalisoma weye. Shahidi ni weye, hakimu ni weye. Kusikia si kuona, karani."

Neno lile liliota. Liliota kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna kinachoota upesi kama uongo uliopandikizwa juu ya shina la kweli. Wapagazi walianza kumtazama Zebedayo kwa pembeni. Mtu mmoja alimwuliza, kwa upole kabisa, kama zile ngumi za mwaka jana nazo zilikuwa kweli. Jioni ile hakula. Alimwambia Anjela, "Miaka minne nimewaletea kitu kizima mikononi, sikumwaga hata tone. Leo wanauliza kama mikono yangu ni safi."

Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa kwenye ukuta wa Sinema ya Almasi, kwamba Jumamosi saa kumi alasiri, kabla ya picha kubwa, zitaonyeshwa ngumi za Badu na Kolweli, Zebedayo alilisoma mara tatu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya Bimdogo.

"Luka," alisema mbele ya watu. "Kesho kutwa utaona kwa macho yako. Nikiwa nimesema uongo, siingii tena ndani ya kamba hii mpaka nife."

"Na ukiwa umesema kweli?"

"Hunipi kitu. Utaniambia tu kwamba nilisema kweli."

Jumamosi mabenchi ya mbele, ya watu weusi, yalijaa tangu saa tisa. Watu wa Tongoni walikuwa na vumbi hadi magotini. Bimdogo alikuja na buibui lake na kuketi katikati ya wapagazi, na hakuzaliwa mtu wa kumwambia kwamba siku ya wanawake ni Jumatano. Nyuma yao walikaa Wahindi na Waarabu. Juu, kwenye viti vya mto, Wazungu wachache. Zebedayo alivaa shati jeupe ambalo Anjela alilipiga pasi mara mbili.

Taa zikazimwa. Na ilikuwa kama alivyosema! Raundi ya kwanza, ya pili, Badu akirudi nyuma. Watu walianza kunong'ona kabla konde halijarushwa, "Sasa kushoto," na kweli likawa kushoto. Raundi ya saba jicho la Kolweli likavimba, likafunga, akawa anageuza kichwa kama kuku. Bimdogo alipiga makofi. Zebedayo alifumba macho. Raundi ya nane aliijua, alitaka kusikia kishindo cha wenzake wakiiona.

Kishindo hakikuja. Alipofumbua macho, pale kwenye kitambaa cha picha alisimama Kolweli, mikono juu, akitabasamu, watu wakimpigia makofi. Badu hayupo. Kisha ikaja habari nyingine: meli ikishushwa majini huko Uingereza na mama mmoja akiivunjia chupa.

Huko juu mtu akacheka, na kicheko kikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye mabenchi ya mbele. Luka alisimama.

"Karani! Mkono gani?"

Watu wakacheka. Watu wake mwenyewe, waliokula vitumbua vya ushindi ule, walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne Zebedayo alijishuku mwenyewe. Je, alisikia vibaya? Ile betri, ile sauti inayofunga na kufungua mlango? Alirudi nyuma kichwani mwake, kitu kwa kitu, kama karani anayehesabu marobota upya: tabasamu, mikono juu, nywele zimechanwa, macho...

Akapanda juu ya benchi.

"Jicho!" alipiga kelele. "Luka, jicho! Ulikuwa unatazama nini?"

"Jicho gani tena?"

Aliyeelewa kwanza ni Bimdogo. Kikongwe alisimama, akashika kiuno, akaielekea sinema nzima.

"Ati jamani," alisema, "lile jicho limepona saa ngapi?"

Kicheko kilikatika. Watu walitazamana gizani. Kisha mmoja akaita, "Rudisha!" na wa pili, na mabenchi yote yakaanza kupigwa kwa visigino: rudisha, rudisha, rudisha. Msimamizi wa sinema alikuja mbio na tochi. Lakini Hamed, mwendesha mashine, alikuwa amejifungia kwenye chumba chake kidogo juu, na Hamed alikuwa mmoja wa wale wa Jumapili. Meli ikatoweka. Mashine ikakoroma. Raundi ya saba ikarudi.

Jicho la kushoto la Kolweli: limefungwa, jeusi, kama zabibu. Kengele. Na hapo hapo, bila hata kupepesa, Kolweli mwingine: macho mawili mazima, nywele kavu, joho begani, hajatokwa hata jasho. Alikuwa akiingia ulingoni. Ilikuwa picha ya kabla ya pigano, imehamishwa mwisho.

Niliandikalo hapa si jambo la kubahatisha. Hamed alikuja kuwaonyesha watu baadaye ule mkanda wa picha, na mahali ulipounganishwa kwa gundi. Ulifika Tanga ukiwa hivyo. Mahali fulani, katika ofisi yenye feni, mtu alikaa na mkasi. Pengine alikuwa na kikombe cha chai. Aliangalia Mzungu akilala chali miguuni pa mtu mweusi, akafikiri juu ya mabenchi yetu ya mbele, akaamua kwamba macho yaliyokaa pale hayastahili kuona. Na hakutosheka kukata. Aliona heri aliyeshindwa apewe ushindi, na yule karani mfupi wa bandarini, ambaye mwenye mkasi hakujua kama yumo duniani, abaki mwongo mbele ya watu wake. Walichoiba si raundi moja ya ngumi. Waliiba ushahidi wa mtu aliyesema kweli, kisha wakataka aliyeibiwa aone haya.

Taa ziliwashwa. Askari wakaingia. Watu mia mbili walikuwa wamesimama wakipiga kelele, na wakamkamata mmoja, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa amepanda juu ya benchi. Luka aliwafuata hadi mlangoni.

"Mimi ndiye niliyeanza," alimwambia askari. "Nikamate na mimi."

"Nenda nyumbani, mzee."

Luka akamgeukia Zebedayo, aliyeshikwa mikono yote miwili, shati limechanika begani. Kila mtu aliyekuwa karibu alimsikia.

"Karani, ulisema kweli."

"Mkono gani?" Zebedayo akamwuliza.

"Kushoto mbavuni," Luka alisema. "Kisha kulia, kidevuni."

Walimweka ndani siku tisa kwa kuchochea watu. Alipotoka, barua kutoka bandarini ilikuwa ikimngojea: hahitajiki tena. Na asiye na kazi, akaambiwa, hana ruhusa ya kukaa mjini. Wakampa siku tatu. Hamed naye alifukuzwa, akavuka kwenda Mombasa. Sinema ya Almasi iliendelea kama kawaida. Wiki iliyofuata walionyesha picha ya mapenzi, na mabenchi ya mbele yalikuwa matupu, na yakabaki matupu mwezi mzima, mpaka njaa ya kuona ikawashinda watu.

Siku ya kuondoka, Bimdogo alimletea Anjela kapu la vitumbua. "Mwanangu, hii kamba nimfungie mumeo aende nayo?"

"Iache, bibi," Zebedayo alijibu. "Kamba haina kosa."

Zebedayo sasa ni karani wa mizani katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Redio iliyo karibu naye kuliko zote iko maili saba.