Wifi Aliyenisingizia Mwani

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Wanawake wa shamba la mwani walimpachika jina la Kipaza, naye akalipenda. Alifiwa na mume angali kijana, akalea wanawe kwa kufunga mwani baharini: anakata matawi machanga ya mbegu, anayafunga kwenye kamba, kamba anaitandaza kati ya vigingi, bahari ikitoka anarudi kuvuna. Vidole vyake vimepasuka kwa chumvi na kucha zimelika. Sifa hiyo siwezi kumnyima. Yeye ndiye aliyetufundisha sote, hata mimi niliyeolewa nikiwa sijui kusoma jina langu.

Mdomo wake niliuzoea, mpaka mwani ulipobadilika.

Ulianzia kwenye ncha. Tawi linakuwa jeupe kama limechovywa kwenye chokaa, linalainika, ukiligusa linakatika. Joto lilikuwa limezidi. Maji ya magotini yalikuwa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sote tulilihisi miguuni, sote tukanyamaza. Utagombana na bahari? Heri upate mtu wa kugombana naye.

Mtu huyo nikawa mimi, kwa kuwa msimu ule nilileta mbegu kutoka kwa shangazi yangu, ufuo wa pili. Kipaza akasimama katikati ya shamba, kaiinua kamba yangu juu.

"Uchafu kauleta huyu! Mwani wetu ulikuwa mzima mpaka alipotuletea takataka za kwao!"

"Wifi, hata wako umeanza kuwa mweupe," nikasema.

"Usiniite wifi mbele ya maiti ya mwani!"

Wakacheka. Vigingi vyangu viling'olewa siku hiyo hiyo. Nikaenda kwa mume wangu anitetee. Akasema, "Dada ndiye msimamizi, mimi niseme nini?" Kisha akaomba chai, nami nikampa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu Kipaza akahamisha mashamba yote yasogee ufukoni, mbali na pale kamba zangu zilipokuwa. Sisi hatujui kuogelea. Tukiogopa, tunakimbilia maji mafupi, na maji mafupi ndiyo yanayochemka kwanza. Mimi nilibakiwa na mkondo tu, maji ya kifuani, mahali ambapo hakuna aliyepataka. Nikajifunga dumu tupu kiunoni linieleze, woga usije ukanizamisha, nikatandaza kamba zangu huku nalia kwa hasira. Si kwamba nilijua kitu. Ningepata mahali pengine, ningekwenda.

Kule kwao mwani ulikufa wote, hata wa mbegu. Kwangu ulipona, maana mkondoni maji yanapita, hayakai yakapata moto.

Hapo ndipo wifi yangu alipogeuka mtu mwingine. Tukikutana njiani anainama kufunga kiatu, na kiatu chenyewe ni ndara. Asubuhi nikifungua mlango nakuta ndoo zangu zimejazwa maji, aliyejaza simwoni. Wanawake wengine walikata tamaa, wakahamia mjini kufua nguo za watu. Siku walipoondoka alijifungia chumbani, hakwenda hata kuwaaga. Sauti ikamwisha. Mtaa ukabaki kuamshwa na majogoo.

Alasiri moja akaja kwangu kwa mlango wa nyuma.

"Wifi."

"Leo mimi ni wifi?"

"Nisamehe. Nimekukosea wewe, na wale nimewamaliza. Silali. Naomba mbegu. Si yangu, ni yao."

"Ulinisema shambani mbele ya watu, unakuja kuniomba uani mbele ya kuku?"

"Nikisema mbele yao watanila nyama. Mimi ndiye niliyewaambia wasogee."

"Kwa hiyo mimi niendelee kuwa mchafu, ili wewe usiliwe?"

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajibandua ngozi za vidole. Mbegu nilimpa, kwa ajili ya wale wenzake. Msamaha sikumpa.

Sasa wote waliobaki wanafunga mkondoni, kila mmoja na dumu lake kiunoni, kama bata wajawazito. Na msimu huu nilisikia maji ya kifuani yana uvuguvugu. Nikajua, nikanyamaza. Niliwaacha waendelee kufunga, kwa kuogopa jina langu lisichafuliwe tena. Nami usingizi ukanipaa.

Juzi nikamwona Kipaza akikata kitawi cheupe na kukisokomeza haraka ndani ya gauni. Nikamsogelea.

"Kitoe."

"Nyamaza, wifi. Wakikiona watasema ni mbegu yako tena."

"Nani aliwafundisha kusema hivyo?"

Akanitazama. Kisha akakitoa kile kitawi cheupe, akakiinua juu kama alivyoinua kamba yangu, na ile sauti ikarudi.

"Jamani! Ni maji! Yaguseni, yana moto! Hata mara ile yalikuwa maji! Wifi yangu hakuleta kitu, nilimsingizia mimi! Na kule kwenye maji mafupi, ni mimi niliyewapeleka!"

Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, akasema, "Ewe Kipaza, hayo si ungeyasema tukiwa nchi kavu? Hapa mtu akitaka kukuzaba kibao atazama yeye."

Wakacheka, ila mmoja. Dada yake ni miongoni mwa waliohamia mjini kufua. Huyo alimpa mgongo Kipaza, akaendelea kufunga, na Kipaza akabaki anautazama ule mgongo.

Siku hiyo niliingoja sana. Nilidhani nitashiba. Lakini aliposhusha mkono, kile kitawi kilimkatikia vidoleni, vipande vikaelea katikati yetu, na mbele yetu kulikuwa na kina kitupu ambamo hatuwezi kusimama.

"Shika ncha ile ya kamba," nikamwambia, "tukate matawi yaliyougua."

Akaishika, huku bado analia.