Nilifukuzwa Asubuhi, Nikaumia Mchana

Mguu wangu wa kulia haukunjiki. Watoto wa mtaa wetu huu wa Ng'ambo wanauita reli kwa kuwa umenyooka, na mimi nawaacha waseme, maana jina hilo lina ukweli kuliko lile nililopewa na kampuni. Kampuni iliniita mpita njia. Mwaka wa tatu nabeba magunia yao, mara nikawa mpita njia.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla. Nilikuwa mchukuzi katika ghala moja karibu na stesheni ya Tabora. Karanga na nta zilitoka vijijini, sisi tukazipima na kuzipanga, na treni ikija tukazipakia kwenye mabehewa. Kazi ya mgongo. Babu yangu naye aliishi kwa mgongo: alibeba pembe za ndovu kutoka Kwihara hadi pwani kwa miguu yake, akarudi na doti za kitambaa na hadithi zisizokwisha. Kwetu Unyamwezini zamani kijana aliyekuwa hajabeba mzigo hadi pwani hata mke alimpata kwa tabu. Kwa hiyo sikuiona kazi ile kuwa ya aibu, na siioni hivyo mpaka leo.

Nyapara wetu alikuwa Mgogo, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Misafara ya babu zetu ilipita Ugogo, nchi kavu, na Wagogo walitaka hongo kwanza, ushuru wa kupita, ndipo waruhusu watu kuchota maji visimani mwao. Watu walibishana pale, wakapigana, wakaoana, wakazikana, na mwisho wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Anaweza kuchukua kofia yako kichwani akaenda nayo. Na siku ukifa yeye ndiye mwenye ruhusa ya kucheka msibani, tena asipofika watu wanasema mazishi yamepooza.

Yule bwana alinizidi umri. Mbele ya mkewe nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa adabu zote. Ghalani nilimwamkia kwa matusi. Ndivyo tulivyoanza kila siku, na wachukuzi wengine walichelewa kushika magunia ili wasikose kusikia.

Asubuhi ninayoisema alinikuta nimeegemea mlango. Akasema, "Wee punda wa msafara, babu yako alibeba mpaka baharini, wewe umeshindwa kubeba kichwa chako?"

Nikamjibu, "Leo nitakuzika ndani ya magunia haya haya, na matangani kwako nitakula nyama huku nacheka. Kwanza rudisha hongo aliyotozwa babu yangu kwa maji ya matope!"

Watu wakacheka. Meneja alikuwa anapita. Alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu: lete, beba, haraka, toka. Alisimama, akatutazama, akaenda zake ofisini. Hakusema neno hata moja. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye walidai alisema neno ambalo halikusemwa.

Magunia hupangwa kama ngazi, kila safu ikirudi nyuma kidogo, ili rundo lisimame lenyewe. Lakini treni ilikuwa imechelewa na ghala limejaa, na meneja akataka rundo liende juu wima, lisimeze nafasi. Nyapara alimwambia, nasi sote tukisikia, "Bwana, hili litalala." Akajibiwa, "Panga." Basi nyapara akanigeukia, safari hii bila utani, akaniambia nipande juu nipokee. Nikapanda.

Mchana rundo likalala kweli. Mimi nilitangulia chini, magunia yakanifuata. Nakumbuka vumbi la karanga kinywani, na sauti ya nyapara akiita watu, na mikono yake mwenyewe ikiyatupa magunia pembeni kama mtu anayefukua kisima.

Hospitali nilikaa mpaka nikayajua madoa yote ya dari. Siku moja karani wa kampuni akaja, akasimama mbali na kitanda kana kwamba mguu uliovunjika unaambukiza. Akasema, "Bwana meneja anakupa pole. Lakini saa ile hukuwa mtu wetu. Ulifukuzwa asubuhi kwa kumtukana nyapara na kutishia kumzika. Uliingia ghalani kama mpita njia tu. Na chumba cha landhi kinatakiwa."

Nilimwuliza, "Nilifukuzwa na nani?"

"Na bwana meneja."

"Kwa mdomo gani? Mbona sikuusikia?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena maishani. Mguu ulikuwa unauma, naam, lakini mguu ni mfupa. Hiki kingine walichokivunja hakikuwa na dawa pale wodini. Nilikuwa na mke na watoto ndani ya chumba hicho cha landhi, zile nyumba za kampuni za wafanyakazi, na mgongo usio na mguu wa kuubeba ni kitu cha kuwekwa nje ya stesheni na kikopo mbele yake. Huko ndiko walikokuwa wananipeleka.

Dresa wa wodi, aliyekuwa akinifunga bendeji, alisikia yote. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna sheria. Mtu akiumia kazini, tajiri wake analipa matibabu, na kiungo kisiporudi kama zamani analipa na kiungo. "Wala si huruma," alisema, "ni haki yako. Nenda Boma kwa afisa wa kazi. Ila uthibitishe kwamba ulikuwa kazini."

Mama yangu alikuja kutoka Kwihara na kibuyu cha maziwa, akaketi kitandani kwangu, akalia, kisha akanisihi niwaache. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Nikamwambia, "Mama, mkono huo ndio ulionivunja mguu. Nitaubusuje na kuinama siwezi?"

Alinipiga kibao cha bega, halafu akacheka na machozi yake. Hakunisihi tena, nami nikatuma madai yangu Boma.

Kilichoniuma ni nyapara. Hakuja hospitali. Mtani ndiye wa kwanza kuja, aje akucheke, akwambie umelala kama chatu aliyemeza mbuzi. Siku zilipita, mlango ukafunguka kwa wengine, yeye hakuonekana. Kisha nikasikia sababu: meneja alikuwa amemweka kuwa shahidi wake. Angesimama Boma aseme kwamba nilimtukana. Na kweli nilikuwa nimemtukana, ghala zima lilisikia! Akisema ndiyo tu, neno moja, mimi nimekwisha. Akisema hapana, amesema uongo mbele ya Serikali na kazi yake imekwisha. Mke wangu alitaka kwenda kumwomba. Nilimkataza. Mtani haombwi, na kama utani wenyewe ulikuwa umekufa nilitaka kuiona maiti yake kwa macho yangu.

Siku ya shauri nilikwenda Boma kwa magongo. Chumba kilikuwa kidogo: afisa wa kazi nyuma ya meza, meneja kwenye kiti, karani wake nyuma yake, na tarishi wa Boma mlangoni, mzee wa Kinyamwezi. Mimi nilipewa benchi. Nyapara alisimama karibu na dirisha amevaa koti lake la kanisani, hanitazami.

Meneja alisema ya kwake. Afisa, kijana wa Kizungu aliyejua Kiswahili sawasawa, akaniuliza kama nilisema maneno yale ya kumzika nyapara. Nikasema niliyasema. Meneja akatabasamu. Afisa akamgeukia nyapara. "Na wewe? Mtu huyu alikutukana asubuhi hiyo?"

Nyapara aligeuka kutoka dirishani. Alitazama miguu yangu kwa mara ya kwanza, akayatazama magongo. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya ghalani, sauti ya kuita watu kutoka mwisho wa treni:

"Wee punda wa msafara! Umepewa miguu miwili ya kubebea, mmoja umeuvunja kwa uzembe, sasa unataka Serikali ikununulie mwingine? Kwa mguu wa fisi ungetosheka!"

Afisa aliruka kitini. Meneja akafungua mdomo. Na mimi, jamani, nilisahau sheria, nilisahau chumba, nikahisi moyo wangu umewashwa taa. Nilisimama kwa mguu mmoja.

"Mwizi wa visima! Ulijificha siku zote hizi unaogopa nitakudai? Leta hongo ya babu yangu hapa mezani, ninunulie huo mguu wa fisi, na chenji ukanunulie adabu!"

Tarishi mlangoni alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Afisa alipiga meza kwa kiganja akauliza hii ni nini.

Nyapara akamgeukia, akavua kofia, sauti yake ikawa ya kawaida. "Bwana afisa, hayo ndiyo matusi ya asubuhi ile. Huyu ni mtani wangu. Ananitukana tangu siku niliyofika Tabora, nami namtukana. Kwetu nikimshitaki kwa hilo mimi ndiye nitakayechekwa, na nikifa hatakuja kunicheka msibani. Kama hilo ni kosa la kumfukuzia mtu, angefukuzwa siku ya kwanza, na mimi pamoja naye."

Afisa alimtazama tarishi. Tarishi akaitikia kwa kichwa, bado anajifuta macho.

"Na kuna jambo jingine," nyapara aliendelea. "Baada ya matusi hayo nilimwamrisha apande juu ya rundo. Alipanda kwa amri yangu, na mimi niliamriwa na bwana huyu alipotaka rundo liende wima. Mtu aliyefukuzwa humwambii panda. Unamwambia toka."

Meneja alisema kitu kwa Kiingereza, haraka haraka. Afisa akainua kiganja kumzuia. Aliniuliza mimi kama niliambiwa toka. Nikasema, "Bwana, neno hilo bwana meneja analijua sana. Kama angelisema, ghala zima lingelisikia."

Nililipwa. Mguu ulilipwa kama sheria ilivyotaka, si kama mimi nilivyoupenda, lakini ulilipwa, na karatasi ya Boma ilisema nilikuwa mtu wa kazi, nimeumia kazini. Kwa fedha hiyo tulitoka landhi wenyewe bila kusukumwa, tukaja Ng'ambo, nikaanza kushona viatu na mikoba ya ngozi, kazi ambayo haihitaji goti. Kila nilipopita mbele ya ghala lile niligonga gongo langu chini kwa nguvu zaidi kuliko nilivyohitaji.

Nyapara, yeye, alifukuzwa kabla haujapita muda mrefu. Safari hii walisema kwa sauti, mbele ya watu wote, kusiwe na ubishi. Walisema mvivu. Walitaka aondoke siku ile ile na mikono mitupu. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia vaa lile koti lako la kanisani. Akasema amechoka na Boma. Nikamwambia Mgogo gani huyu anayesahau kudai? Tukaenda. Nilisimama shahidi wake, na kampuni ikalazimika kumlipa notisi yake. Tarishi alipotuona mlangoni alivuta kiti kabisa, akaketi asubiri matusi.

Hakurudi kwao. Alibaki hapa Ng'ambo, akiuza tumbaku aliyoifuata Usoke, na kibanda chake kilikuwa mkabala na changu. Tulitukanana barabara ikiwa katikati yetu kwa miaka mingi, mpaka Waingereza wakaondoka na bendera yao, na sisi bado hatujamaliza.

Alipofariki nilikwenda mapema kuliko wote. Jeneza lilipofika kaburini nilipita mbele kwa mguu wangu huu, nikasimama ukingoni, nikalaza gongo langu juu ya shimo. Nikasema kwa sauti ya ghalani:

"Hazikwi mtu hapa! Huyu alifukuzwa kazi asubuhi. Nani kamruhusu afe mchana? Ni mpita njia huyu! Alete shahidi!"

Waliojua habari ile walicheka, na wengine wakacheka kwa sababu hao walicheka, mpaka kilio chote pale kikachanganyika. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali. Sikuliondoa gongo. Mtani hatoki bure, na mimi katika maisha yangu sijatoka mahali bila haki yangu.

Mjane wake akaja polepole katikati ya watu. Alikuwa ameshika kata ya maji kwa mikono miwili.

"Shemeji," akaniambia, "alisema nikupe hii. Alisema ni ile hongo ya babu yako, anairudisha."

Nikaipokea. Yalikuwa maji safi, ya baridi. Niliyanywa yote mbele yao, nikaokota gongo langu, nikampisha mtani wangu apite.