Trei ya Kumi na Mbili

Mama Hamira alikuwa amefundisha uokaji kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu, walisema, akikasirika anaumuka.

Asubuhi hiyo hakuumuka. Alisimama mbele ya meza ya chuma, macho kwenye trei moja. Kila ikifika saa nne darasa hula lilichooka, na trei kumi na moja zilikuwa zimebaki chembe tu. Ya kumi na mbili haikuguswa: mikate midogo minane iliyopakwa yai, imeiva vizuri. Ilikuwa kazi ya binti wa fundi saa, msichana mwenye mabaka meupe ya mbalanga kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Mwenyewe alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo, anasugua trei za wenzake.

"Hii mbona mmeiacha?"

"Tumeshiba, Mwalimu," alijibu kijana waliyemwita Redio, kwa vile hazimiki.

Mtu akacheka puani. Hapo ndipo Mama Hamira alipoona karatasi iliyokunjwa pembeni mwa trei. Walikuwa wameitumia kuisukuma trei, wasiiguse kwa mikono.

"Semeni ukweli."

"Mwalimu, samahani," alisema Redio, "lakini ile mikono… mtu unaona kinyaa. Halafu tunasikia inaambukiza."

"Mnasikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Msichana mmoja karibu na oveni akanong'ona kwamba alimsikia shangazi yake.

"Shangazi yako ni daktari?"

"Anauza vitambaa."

Akawagawia karatasi. Kila mmoja aandike anachojua kuhusu mbalanga, na chini yake aandike aliyemwambia. Kisha akasoma kwa sauti. Ni laana. Ni uchafu. Ni kula samaki na maziwa. Chini ya kila moja: nilisikia, nilisikia, nilisikia. Watoto aliowafundisha kunawa hadi kwenye kucha, na vichwani wamebeba taka hizi!

"Mbalanga ni ngozi kupoteza rangi yake, basi," alisema. "Haiambukizi. Si kwa kushikana mikono, si kwa chakula. Na siku nyingine mtu akiwaletea habari ya mwenzenu, muulizeni: umejuaje?"

Redio alikuwa amevimba kwa aibu. "Basi na mimi niulize, Mwalimu. Mbona wewe ndiye uliyemweka kwenye sinki siku ya kwanza? Muhula mzima hajakanda unga wa mikate tunayowauzia wateja hata mara moja."

Mama Hamira alitaka kumfokea kwamba hana adabu. Lakini swali lilikuwa la haki. Alikuwa amejiambia kwamba unga ungemwasha yule binti ngozi. Kwa hiyo akampa sabuni kali na maji ya moto! Wala hakuwahi kumuuliza. Kile kinyaa alichowaonea vijana kikamgeukia mwenyewe, kizito zaidi.

"Umesema kweli," alimwambia Redio. Akaenda hadi kwenye sinki. "Mwanangu, nimekukosea. Ilifaa nikuulize, sikukuuliza."

Binti alijifuta mikono taratibu. "Nilijua, Mwalimu. Nilidhani utachoka tu kuniweka hapa." Akaitazama trei yake. "Ila usiwalazimishe kula. Sitaki mtu ameze mkate wangu huku amefumba macho."

Jumatatu zamu zilipangwa upya kwa kura, na Mama Hamira akatia na jina lake kwenye kura ya zamu ya sinki pamoja na majina ya wengine. Binti alipangiwa meza ya mbele, ile inayoonekana na wateja kupitia dirishani. Wanafunzi wawili walianza kuja na vitafunwa vyao kutoka nyumbani, wakila wamejibanza ukutani. Mama Hamira hakuwasemesha. Kuwatazama tu kulimkera.

Wiki hiyohiyo mteja mmoja alisogeza uso dirishani. "Huyu ndiye aliyekanda?"

"Ndiye," alisema Redio. "Kwa nini unauliza?"

Mteja akaguna, akaurudisha mkate kaunta na kuondoka. Redio alibaki ameukodolea macho, midomo imempinda kama aliyelamba ndimu.

"Mwalimu, wako wengi hivi?"

"Wengi."

Binti alikuwa ameshageukia donge jingine. "Redio, niletee trei," alisema. "Oveni inapoa."