Wali wa Kutafuniwa Angani

Mpaka leo nikisikia harufu ya ugoro imechanganyika na ya samaki mkavu, mate hunijaa mdomoni na inabidi nitoke nje. Wanangu hunicheka kwamba nina mimba ya uzeeni. Hawajui kuwa kinyaa hiki nilikipata kwa ajili ya mkubwa wao, tukiwa ndani ya ndege.

Alikuwa na miezi mitano. Baba yake alifanya kazi Dar es Salaam na alikuwa hajamtia machoni. Masika ya mwaka ule barabara ilikatika, tuta la reli nalo likasombwa, tukabaki Ifakara kama kuku kwenye tenga. Mume wangu akatutafutia nafasi kwenye ndege ndogo iliyoleta dawa na kurudi tupu. Tulipata viti viwili, changu na cha mama mkwe, ambaye alisema mjukuu wake hawezi kupanda angani na msichana asiyejua kulea.

Mama mkwe alitokea upande wa Mahenge, mwanamke wa kanisa, rozari shingoni na ugoro chini ya mdomo. Ugoro ule ulitoka tu akienda kupokea komunyo. Meno yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nilimheshimu, nilimpigia magoti kila asubuhi nikimwamkia, lakini mdomo ule sikuuweza. Kwake Katindiuka, hapohapo Ifakara, aliwalea wajukuu wote kwa kuwatafunia. Anatia wali mdomoni, anautafuna mpaka unakuwa uji, anautema kwenye ncha ya kidole na kumlisha mtoto. Wangu alikuwa hajaonja wali huo, kwa sababu kila nilipomwona bibi yake anatoka shamba nilimtia mtoto titi mdomoni kabla hajaweka jembe chini.

Siku ya safari alikuja na kikapu cha kambale waliokaushwa kwa moshi, zawadi ya mwanawe, akakisukuma chini ya kiti changu. Juu yake aliweka kiporo cha wali ndani ya jani la mgomba. Ndege ilinuka mafuta, jua lilikuwa limeichoma tangu asubuhi, na wale kambale wakaanza kutoa jasho. Nilipumua kwa mdomo, nikahisi nawala.

Ndege ilipoacha ardhi nilipiga ukelele. Sikuweza kujizuia. Mama mkwe akanigeukia taratibu.

"Umeshtuka," alisema. "Usimpe. Maziwa yameshtuka."

Kwetu mama akipata hofu, au akishinda juani, maziwa yaliyomo kifuani huhesabiwa yameharibika. Unayakamua kwanza chini, udongo unayanywa, ndipo mtoto anyonye. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi nikitoka kupalilia mpunga, wala sikuwahi kubisha. Sasa udongo wenyewe ulikuwa mbali chini yetu.

"Nitayakamulia kwenye khanga, mama."

"Maziwa ya mtoto hayamwagwi kwenye nguo. Wala hapo chini panapokanyagwa. Unataka yakauke?"

Mtoto akaanza kulia. Alikuwa hajanyonya tangu tulipotoka nyumbani, na matiti yangu yalisikia kilio kabla ya masikio. Blauzi ililowa mpaka kiunoni na joto likaanza kuyachachisha yale maziwa. Sasa na mimi nilikuwa nanuka. Rubani, mzungu mwenye Kiswahili kizuri, akasema bila kugeuka, "Mama, mnyonyeshe. Akimeza, masikio hayatamuuma."

"Atameza," alijibu mama mkwe.

Akafungua jani. Akaingiza kidole mdomoni, akauchokoa ugoro na kuupangusa kwenye ubeleko uliomfunika mwanangu. Kisha akatia tonge. Alitafuna polepole, kwa raha zake, macho nusu yamefumba, na uzi wa mate ya kahawia ukamshuka pembeni ya mdomo. Nikatazama nje nisione. Bonde lote la Kilombero lilikuwa maji, rangi ileile ya mate yale.

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi yake alimsogelea na kidole kikiwa tayari karibu na midomo, na mwanangu, kwa njaa aliyokuwa nayo, akafungua kinywa kumpokea.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilimpa mama mkwe mgongo, jambo ambalo mkwe hafanyi hata akiwa amekasirika, nikafungua vifungo na kumpa mtoto maziwa yake, yaliyoshtuka na yaliyochacha, yote. Alimeza kwa pupa. Kilio kikakatika.

Nikangoja kutukanwa. Sikusikia kitu, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa. Nilipochungulia, mashavu yake yalikuwa yamevimba na macho yake yako kwangu. Chakula cha mtoto nacho hakitemwi panapokanyagwa, wala kwenye nguo. Tangu alfajiri alikuwa amekataa hata chai, kwa kuogopa kichefuchefu cha ndege. Aliushika ule wali mdomoni tukavuka milima, ndege ikitupwa huku na huku, na mimi nikatamani autapike yaishe. Hakutapika. Tulipoanza kushuka niliona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa amemeza.

Mume wangu alitupokea uwanjani. Akamwamkia mama yake, akambeba mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Mmekula lakini, mama?" aliuliza.

"Mimi nimekula," alisema mama mkwe, akifungua kipakiti cha ugoro. "Nimekula cha mwanao."

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Mimi nikazunguka nyuma ya gari, nikatapika.