Taa za Karavani ya Mau Narok

Mwezi uliopita nilikuwa nimeegesha Ndabibi lile gari ninaloishi ndani yake. Wewe unanijua, sikai mahali. Niliposimama mbele ya jiko la gesi kukaanga mayai, taa zikazimika. Nikashuka kuangalia betri, nikageuka na kuona taa zinawaka. Nikarudi jikoni, zikazimika. Betri ilikuwa sawa, fyuzi nzima. Mwishowe nikajilaza chini ya gari, nikakuta bolti inayoshika ule waya mweusi wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari imelegea na kuingia kutu, chini kabisa ya pale ninaposimama nikipika. Siku hizi nimenenepa. Nikikanyaga, mbao inashuka, waya unaachana na chuma.

Niliikwangua kutu, nikaikaza kwa spana, kazi ikaisha. Lakini sikuinuka. Mayai yaliungua juu huku nimelala pale nyasini, kwa sababu niliwahi kuona taa zikifanya hivyo hivyo.

Nilikwambia baba alikuwa dereva wa kombaini, ule mtambo wa kuvuna ngano. Msimu wa kuvuna ngano Mau Narok, shule zikiwa zimefungwa, tulilala kwenye karavani iliyovutwa na trekta kutoka shamba moja hadi jingine: baba, tanboi wake aliyemsaidia kwenye mtambo, mimi, na mpishi. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na tuliamshwa na harufu ya uji wa wimbi. Makapi ya ngano yaliingia kwenye shuka, kwenye nywele, hata kwenye chai. Jioni baba alivua buti, redio ikafunguliwa, na viazi vikachemka chini ya ile taa ya jikoni.

Mpishi alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha polepole, na ukoko wa ugali aliniwekea mimi. Alikuwa amezika waume wawili, na mashemeji walikuwa wamemfukuza kwenye maboma yote mawili. Kona yake ndani ya karavani ndiyo ilikuwa nyumba yake pekee duniani.

Taa zilipoanza kuzimika, baba hakushika spana kwanza. Watu wa kombaini walikuwa hivyo. Mtambo ukikataa, anatafutwa mtu, halafu ndipo hitilafu inatafutwa. "Kilichoharibika kina mwenyewe," baba alikuwa akisema, na shambani alikuwa sahihi mara nyingi, maana bearing ikiungua kuna aliyesahau grisi. Walibadilisha betri. Walifunga fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Taa ziliendelea kuzimika kila chakula kikipikwa.

"Mathe, umemeza umeme tena?" tanboi alimuuliza. "Waume wawili hawakukutosha?"

"Kula, wewe. Mdomo wako ungekuwa na swichi ningekuwa nimeuzima kitambo."

Baba alicheka. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka pamoja na mpishi.

Jumapili moja mchana baba akaamua kupima. "Mama, hebu shuka." Mpishi akashuka na mwiko mkononi. Taa ikawaka. "Panda." Akapanda, akasimama pale pake jikoni. Taa ikazimika. Tanboi, aliyekuwa mwembamba kama fito, alisimamishwa palepale, ikabaki inawaka. Nikasimamishwa mimi, ikabaki inawaka. Baba, ambaye alikuwa mzito kuliko sisi sote, hakujipima. Mwanamume wa kwetu hasimami jikoni, na wazo hilo halikumjia mtu. Walimrudia mpishi, panda, shuka, panda, mpaka wavunaji wa shamba la pili wakaja kutazama, na kila taa ilipozimika wakapiga makofi.

Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Halafu nikaona anaanza kuamini kwamba ana mkosi. Mara ya mwisho alipanda taratibu, macho kwenye ile taa kama mtu anayeomba, na ilipozimika akavua leso yake ya jikoni bila kuambiwa.

"Mzee, niache nilale hata chini ya trekta," alisema. "Nitapikia nje."

"Na trekta nayo ikikataa?" baba akamjibu. "Una roho nzuri, mama. Lakini nenda."

Akaenda na kifurushi chake, akikatiza kwenye mabua ya ngano, na hakuna aliyemsindikiza. Jioni hiyo taa iliwaka vizuri. Mpishi aliyefuata alikuwa msichana mwembamba, na hatukuona giza tena. Baba alikisimulia kisa hicho harusini na matangani mpaka alipokufa, na kila mara watu walicheka.

Siku hizi yale mashamba makubwa yamekatwakatwa, ni viazi na mabati. Karavani niliikuta nyuma ya boma la mtu, kuku wamelala ndani. Na bado, nikinusa makapi ya ngano, moyo wangu unarudi kule kama mjinga, unataka uji, redio na buti za baba.

Baada ya ile siku ya Ndabibi nilimtafuta mpishi. Nilimpata Subukia kwa mtoto wa dada yake, yeye mwenyewe mzee sasa, amekaa nje ya mlango na sahani mapajani huku wengine wakila ndani.

"Haingii nyumba yenye taa za stima," mwenye nyumba aliniambia. "Ni tabia yake tu."

Nikachuchumaa karibu naye, nikamweleza yote: mbao, kutu, bolti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulikuwa uzito wangu."

"Uzito tu, mama. Hukuwa na mkosi wowote."

Akatafuna kidogo. "Kuna mwanamume wa hapa alinitaka. Alikuja mwaka baada ya mwaka. Nilimkataa, nisije nikamzika na yeye. Alikufa peke yake, pale ng'ambo ya mto."

Nikageuka kutazama kule ng'ambo.

"Mkosi nilikuwa nimeshauzoea," akasema, akaweka sahani chini. "Sasa mwanangu, hii bolti umeniletea ya nini?"