Nilivyompigia Makofi Bakari

Kitambi changu, ndugu msomaji, kilikuwa kikifika kazini kabla yangu. Jirani yangu Bakari ndiye aliyenionea huruma, akanianzishia mbio za jioni hapa Mtawanya.

Juzi nilitoka kazini moja kwa moja hadi barabarani. Mbele nikaona wanaume wenye kofia wakienda haraka haraka, Bakari akiwa katikati, amekumbatia kitu ndani ya shuka. Kwetu Njombe tunazika kwa mwendo wa kinyonga, na jeneza kila mtu analiona. Nikadhani wametoka msikitini, wakaanza mazoezi bila mimi.

Nikawafikia nikipiga makofi. "Kaza, Bakari! Mpe mwingine huo mzigo, tushindane!"

Wote wakasimama. Bakari hakupandisha sauti.

"Jirani, huyu ni mwanangu. Alizaliwa jana. Twende tukamzike."