Mwavuli Niliouacha Mtumbwini

Leo nimemdanganya mtu katikati ya mto, na mtumbwi wenyewe ni wake.

Nisikilizeni kwanza, ndugu zangu, kisha mniambie kama ninyi mngefanya vingine.

Nilikuwa navuka Kagera na marobota yangu mawili ya nguo, naelekea sokoni ng'ambo. Mapajani nina mwavuli wa marehemu baba, ule wenye mpini wa pembe ya ndovu.

Mzee mpiga kafi akaniambia nikae chini, katikati. Kiswahili chake kikanishtua. Huku watu wanazungumza Kinyambo, yeye anaongea kama wajomba zangu wa Bagamoyo!

"Mzee, umejifunzia wapi?"

"Kwenu," akasema. "Nilichukuliwa hapa Nyakatuntu nikiwa mdogo, kabla Wadachi hawajaja. Nikabebeshwa pembe mpaka pwani. Kurudi kulinichukua miaka."

Wala hakuacha kupiga kafi. Mafunjo yanapita huku na huku.

"Aliyetuongoza alikuwa na mwavuli. Jua, mvua, haukumtoka mkononi."

Ninyi mnajua baba alikuwa akiongoza misafara ya pembe. Ndiyo iliyotulea.

"Baba yako aliitwa nani?" mzee akauliza, macho kwenye ule mpini.

Nikataja jina la mtu mwingine. La kwanza lililonijia!

Tulipofika ng'ambo nikashusha marobota haraka haraka. Mwavuli nikauacha makusudi. Sikuweza kuushika tena mbele yake.

Sijafika mbali, nikasikia sauti nyuma yangu, ya upole kabisa:

"Bwana, umesahau mwavuli wa baba yako."